Kitabu cha Kitambaa cha Kijani

Enzi zetu, ninyi wenzangu mliokulia Temeke wakati wa Mwingereza, mtakumbuka kwamba mtoto hakumuuliza baba yake mambo mawili: umri wake, na kilichomo ndani ya sanduku lake. Pale kwetu tulikuwa na la tatu. Hatukuuliza juu ya kitabu kilichofungwa kitambaa cha kijani, kilichokaa juu ya kabati la Baba, mahali ambapo hata paka hakuruhusiwa kulala.

Kitabu hicho nimekisoma mwaka huu, mimi bibi wa watu, mwenye vitukuu na meno ya kuhesabika. Nilichokikuta humo nitawaeleza. Lakini acheni kwanza niwarudishe kwenye nyumba yetu, maana bila nyumba ile kitabu chenyewe si kitu.

Temeke yetu haikuwa mji. Ilikuwa minazi na mikorosho, na kati yake nyumba za udongo zilizoezekwa makuti, zimetawanyika kama kuku waliomwagiwa mtama. Kwenda mjini ilikuwa safari ya kuvalia viatu, na viatu vyenyewe tulivibeba mkononi hadi karibu na mtaa wa Gerezani, ndipo tunafuta miguu na kuvivaa, ili tuingie Kariakoo kama watu. Msimu wa korosho hewa yote ilinuka moshi wa maganda, midomo ikatutoka malengelenge kwa utomvu, na bado tukala. Kulikuwa na zambarau za kutia ulimi rangi, kulikuwa na mabungo, kulikuwa na mihogo iliyopikwa kwa tui zito mpaka kijiko kinasimama. Tulicheza mdako mpaka vidole vikachubuka. Tulicheza kibe mpaka Mama akatoka nje na mwiko. Wajukuu zangu wa Mbweni umeme ukikatika saa moja tu wanakaa kimya sebuleni kama wafiwa.

Baba yangu alikuwa fundi cherehani. Alikaa barazani tangu asubuhi, miguu ikikanyaga, mdomo umebana pini, na ukimsalimu anaitikia kwa puani. Mkono wake wa kulia palikuwa na meza ya kupigia pasi, na juu yake pasi ya mkaa, ile yenye kijogoo mbele. Nilikua na harufu mbili puani, ya kitambaa kipya cha marekani na ya mkaa wa pasi, na mpaka leo nikizisikia pamoja moyo wangu unarudi kuwa na miaka tisa.

Sasa, kitabu. Baba alikipata kwa Mzee Salim, Mwarabu mwenye duka la nguo aliyekuwa akimpa kazi za kushona. Mzee yule alipofunga safari ya kurudi kwao alikuja nyumbani, akamkabidhi Baba kitabu kimefungwa kitambaa cha kijani, akamwambia, "Nitunzie. Hiki nilikipenda tangu utoto wangu." Akaondoka, hakurudi. Baba alikifungua mara moja, akaona hati za Kiarabu, akakifunga tena, akaenda kutawadha.

Wenzangu wa leo msimcheke. Baba alihitimu Kurani na aliisoma vizuri, lakini alisoma kama tulivyosoma wengi wetu, kwa irabu zilizowekwa juu na chini ya herufi, ulimi ukifuata njia iliyokwisha kulimwa. Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi zile zile, bila irabu, kwa mwandiko wa haraka, kilikuwa msitu kwake. Kwetu sisi herufi za Kiarabu zilikuwa maneno ya Mungu, basi. Karatasi yoyote yenye herufi zile ikiokotwa njiani iliinuliwa ikachomekwa kwenye paa, isikanyagwe. Kwa hiyo kitabu cha Mzee Salim kikapanda juu ya kabati, kikakaa kando ya msahafu wa babu.

Na kikaanza kazi. Watu wa Temeke walimwamini Baba, na wakigombana walikuja kwake. Msahafu wa babu ulikuwa umechakaa, kurasa zinatoka, kwa hiyo Baba alishusha kile cha kijani. Wagombanao walitawadha, wakaweka mkono, wakasema, "Wallahi, Billahi, Tallahi." Alikuja mtu mmoja aliyedaiwa kumla jogoo wa jirani. Akaapa hakumla. Kabla wiki haijaisha akaota jipu shingoni, kubwa kama yai, asiweze kugeuka. Akaenda mwenyewe kukiri, manyoya alikuwa ameyafukia chini ya kinu. Tangu siku hiyo jina la kitabu lilivuka mpaka Mbagala. Kina mama walileta vikombe vya maji, wakaviacha kando yake tangu adhuhuri hadi alasiri, wakawanywesha watoto wenye homa. Na watoto walipona, maana watoto wengi hupona.

Katika nyumba hiyo aliishi Zuhura. Alikuwa binti wa baba yangu mkubwa, amenizidi miaka mitatu, na alikuja kwetu baada ya kufiwa na wazazi wote wawili. Marehemu baba yake alikuwa akiwaandikia watu barua kwa hati za Kiarabu, na alimfundisha binti yake wa pekee kuzisoma na kuziandika. Sisi chuoni tuliimba aya kwa sauti, tukipaka mbao zetu udongo mweupe na kuandika kwa wino wa masizi. Zuhura yeye aliweza kuandika kwenye ubao wake, kwa herufi zile zile, "Mwanahamisi ana makamasi," halafu akaufuta kabla mwalimu hajafika. Mimi ndiye Mwanahamisi. Tuliuona mchezo tu.

Kazi yetu ya jioni ilikuwa kuteka maji. Bomba lilikuwa moja, foleni ya madebe ndefu kama gari moshi, na hapo ndipo Zuhura alipokuwa mfalme. Alitusimulia hadithi ya binti aliyeitwa Mwanakheri, ambaye kaka yake aliibiwa kivuli na Sultani wa majini. Kaka mtu akawa anapita juani bila kivuli, anazidi kukonda, anakaribia kwisha. Mwanakheri akafunga safari hadi kwenye mji wa majini, ulio chini ya ziwa la chumvi. Mji una milango saba. Kila mlango una jini mwenye vidole sita, na kila jini anadai kitu. Mlango wa kwanza ulitaka viatu vyake. Wa pili ukataka wimbo aliofundishwa na mama yake. Wa tatu ukachukua kicheko chake, wa nne ukachukua ladha ya chakula alichokipenda kuliko vyote.

Tulisikiliza midomo wazi. Ilikuwa kanuni yake: debe lake likijaa, hadithi inakatika. Tulimsihi, tulimpa zambarau, tulimbembeleza akae nyuma ya foleni. Hakujali. Alijitwika debe na kuondoka, sisi tukibaki kuhesabu vidole vya kila mpita njia. Muuza samaki mmoja alikasirika sana kwa kuangaliwa mikono.

"Unayatoa wapi haya?" nilimuuliza siku moja tukirudi.

"Nimeambiwa."

"Na nani?"

"Na mmoja asiyepiga kelele kama wewe."

Nilidhani ananitania. Zuhura alikuwa akitutania wote.

Mwaka huo Baba aliamua jambo ambalo lilishangaza ndugu. Serikali ilikuwa ikichukua wasichana shuleni, na wazee wengi walikataa, wakisema binti akijua kuandika ataandika barua kwa wanaume. Baba alisema atapeleka wawili, Zuhura na mimi, mara baada ya Idi. Alitushonea magauni mawili ya kitambaa kimoja. Zuhura alilivaa lake, akasimama uani, akashika pindo kwa vidole viwili kana kwamba litavunjika. Akaniambia, "Mwanahamisi, mimi nitakuwa mwalimu. Wewe utakuwa mwanafunzi wangu na nitakuchapa."

Siku tatu kabla ya Idi, Baba alimaliza kushona kanzu ya mzee mmoja mkubwa wa msikitini. Kanzu ile ilikuwa na darizi shingoni ya hariri nyeupe, kazi ya majuma. Aliitandika mezani, akaenda kuswali alasiri. Mama alikuwa jikoni. Mimi nilikuwa na mwanasesere wangu wa gunzi, na gauni lake la kipande cha kanga lilikuwa limejikunja. Nikaona pasi ipo, ina moto. Nikatandaza kigauni juu ya kanzu, maana palikuwa laini, nikaiinua pasi kwa mikono miwili. Ndipo mtu akapiga hodi mlango wa uani, nami nikaiacha pale pale nikakimbia.

Niliporudi harufu ilikuwa imefika kabla yangu. Pasi ilikuwa imeacha pua yake kifuani mwa kanzu, rangi ya kahawia, iliyochongoka kama jani. Niliirudisha pasi mahali pake, nikamvika mwanasesere kigauni chake kilichoungua. Nikakimbilia nyuma ya nyumba, mwanasesere nikamwangusha sijui wapi, na sikumwona tena.

Baba hakupiga kelele. Hilo ndilo lililotisha. Alitawadha, akashusha kitabu cha kijani, akaketi barazani na kutuita watoto wote wa nyumba. Majirani walikuwa wakitazama. Kaka yangu Athumani aliweka mkono akaapa. Nikafuata mimi. Nilikuwa na miaka tisa, wenzangu, na nilijua vizuri sana ninachofanya. Niliweka mkono wangu juu ya kitambaa cha kijani nikasema, "Wallahi si mimi." Nilingoja jipu liniote pale pale. Halikuota.

Akabaki Zuhura. Alisimama mbele ya Baba, mikono nyuma.

"Weka mkono," Baba akasema.

"Baba mdogo, si mimi niliyeichoma."

"Sikukuuliza. Weka mkono useme hivyo."

"Kwa kitabu hiki siwezi."

Majirani wakasogea. Baba akamtazama kwa muda. "Kwa nini huwezi?"

"Nikiapa kwa hiki nitakuwa nakudanganya, Baba mdogo."

Kila mtu alisikia alivyotaka kusikia. Mtu asiyeweza kuapa ni mwenye hatia. Nani asiyejua hilo? Zuhura alirudi nyuma hatua moja. Alinitazama mara moja tu, akainamisha macho.

Baada ya Idi nilikwenda shule peke yangu na gauni langu. Zuhura alichukuliwa na mjomba wake wa Chanika, kwenda kulima. Chanika wakati huo ilikuwa pori, mtu akienda huko aliagwa. Asubuhi ya kuondoka nilimkuta amekaa juu ya kifurushi chake, nikamuuliza kitu cha kijinga, maana kile cha maana sikuwa na ujasiri nacho.

"Mwanakheri alifanyaje kwenye mlango wa saba?"

"Sijaufikia," akasema. "Nilikuwa nimebakiza kidogo."

Nilielewa kwamba hajautunga bado.

Mwenyezi Mungu alinipa umri na kazi njema. Nilisoma shule, kisha nikarudi kwenye elimu ya dini, nikaingia katika darasa za akina mama, nikawa mwalimu wa chuo cha Kurani kwa zaidi ya miaka arobaini. Nilipojifunza hukumu ya kiapo cha uongo nilifunga siku tatu za kafara, nikalia nikatubu. Lakini mwalimu wangu alitufundisha, na mimi nikawafundisha watoto wa watu, kwamba haki ya Mungu Mungu huisamehe, ila haki ya mtu hairudi kwa kufunga. Hurudi kwa kwenda kwa mwenyewe. Nililisema hilo mwaka baada ya mwaka mbele ya mbao zao, na Zuhura yuko Chanika.

Tulikutana harusini na misibani. Aliolewa, alizaa, alilima mihogo na mananasi. Kila mara nilidhamiria kumwambia, na kila mara palikuwa na pilau la kupakua au maiti ya kuosha. Ndivyo mtu anavyopitisha maisha, kwa vitu vya halali.

Kitabu kilibaki kwa Baba mpaka alipofariki, kikaenda kwa kaka Athumani. Athumani naye alipotutoka, watoto wake wakauza nyumba ya Temeke, wakaniletea mimi kitabu kule Mbweni kwa mwanangu, ninakoishi. Nilikipandisha juu ya kabati. Mimi niliyefundisha herufi hizo maisha yangu yote sikukifungua. Wengine mtadhani ni heshima. Ilikuwa hofu. Niliona kwamba nikifungua kitambaa kile nitaukuta mkono wangu wa miaka tisa bado umelala pale.

Mjukuu wangu Nasra ana miaka kumi na sita, na ni mpenzi wa vitabu, namshukuru Mungu. Husoma kwenye simu vitabu vya watu wenye mabawa na wafalme wa barafu, vinene kama matofali wangevichapa. Kimoja humaliza kwa siku mbili, na ukimuuliza wiki ijayo kilihusu nini anasema, "Bibi, kile? Ngoja nikumbuke." Mwezi wa kwanza mwaka huu alikuwa akinisaidia kupangusa vumbi. Nilikuwa kwenye mkeka nikimaliza nyiradi zangu. Nikasikia kitambaa kinafunguliwa.

"Nasra, rudisha. Hujatawadha."

"Bibi," akasema, "msahafu wenu ulikuwaga na picha?"

Nikafikiri macho yangu yananidanganya. Aliniinamishia ukurasa. Palikuwa na picha ya wino, imechorwa na mtu mwenye mkono mzuri: binti mdogo pekupeku mbele ya mlango mkubwa, na kando ya mlango, jini. Sikutaka kuhesabu. Nikahesabu. Vidole vilikuwa sita.

Nasra anasema aliniita mara tatu mpaka akataka kumwita baba yake. Mimi nilikuwa bombani Temeke. Nilikuwa kwenye foleni, na sauti ya Zuhura ilikuwa mbele yangu, na kila kitu kilikuwa kikijipanga chenyewe. Mmoja asiyepiga kelele. Nimebakiza kidogo. Nikiapa kwa hiki nitakuwa nakudanganya. Alikuwa akikishusha Baba anapokwenda kuswali, anasoma kurasa chache, anakifunga, kisha anakuja kutusimulia. Kwa miaka yote ile watu wazima wa Temeke waliweka mikono yao, wakanywa maji yao, juu ya hadithi ya vijana iliyoandikwa kwa mkono kisha ikapigwa chapa Bombei. Mtu pekee aliyejua alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili, na hakutaka kumwaibisha baba yake mdogo mbele ya baraza.

Nitakiri jambo. Usiku ule Ibilisi alinijia na faraja. Alinambia: kumbe hukuapa kwa msahafu, mwanangu, uliapa kwa ngano, huna deni. Nilikaribia kulala kwa raha. Lakini nilikuwa nimesema Wallahi, na jina la Mungu halihitaji kitabu chini yake. Na hata nisingesema, Zuhura alikwenda Chanika kwa sababu yangu. Asubuhi nilimwambia mwanangu anitafutie miwani yenye nguvu zaidi.

Niliamua kukisoma kwanza, neno kwa neno, ndipo niende. Sikutaka kwenda kwa dada yangu na kisingizio kingine cha kutojua. Kazi ilikuwa ngumu. Hati ni ya haraka, Kiswahili chake ni cha zamani, karatasi imetobolewa na wadudu. Kila siku baada ya alasiri nilisoma mistari mitano, kumi siku za heri. Nasra alinishikia taa na kuandika kwenye daftari nilichosoma. Alikuwa akisema, "Bibi, mie ningekuwa nishamaliza." Nami namjibu, "Wewe ungekuwa umeshasahau." Ilituchukua Rajabu, Shaabani, Ramadhani, na sehemu ya mfungo mosi. Hadithi niliijua yote. Kila mlango niliufikia nikiwa nimeshausikia kwa sauti ya Zuhura, na maneno aliyotuongezea bombani niliyatambua kwa kuwa hayamo. Ule utani wa jini wa nne anayekoroma, kwa mfano, ni wake mwenyewe, na ndio mzuri kuliko vyote.

Nilipofika mlango wa saba zilibaki kurasa nne. Nikakifunga.

"Bibi, unaacha hapo?" Nasra akauliza. Alikuwa karibu kulia.

"Hapa ndipo mwenzangu alipoachia. Nitapelekaje mimi mbele?"

Mbweni hadi Chanika ni mwendo wa kuvuka jiji zima, na mwanangu alinipeleka kwa gari lake, akinung'unika foleni. Chanika ya leo ina nyumba za bati la rangi na mafundi wa matofali kila pembe. Kwa Zuhura bado mihogo iko nyuma ya nyumba. Alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, macho yametandwa na ukungu, akimenya mihogo kwa kupapasa, haraka kuliko mtu anayeona. Pembeni kitukuu chake alikuwa akijaza ndoo bombani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nani?"

"Mwanahamisi."

"Wa Temeke? Nani kafa?"

"Hajafa mtu."

"Watu wa mjini hamji Chanika bila msiba. Kaa. Usikalie maganda."

Nikakaa. Nilikuwa nimejiandalia maneno tangu Ramadhani, ya kuanzia na aya na kumalizia na dua. Yote yakanitoka. Nikasema, "Dada Zuhura, ile kanzu ya Idi niliichoma mimi."

Kisu hakikusimama. "Najua."

"Unajua?"

"Yule mtoto wako wa gunzi alikuwa mlangoni, gauni limeungua. Nilimfukia nyuma ya choo, Baba mdogo asimwone."

Nilishika kichwa. Maisha yangu yote nilidhani niliuficha ule uongo mwenyewe.

"Nimekileta kitabu," nikasema. "Nimekijua ni nini."

Hapo ndipo kisu kiliposimama. Akanyoosha mikono, nikampa. Hakukifungua. Alikigeuza, akakinusa, akapitisha kidole kwenye kitambaa.

"Si ungemwambia Baba uape kwa msahafu wa babu," nikasema. "Si ungesema Wallahi tu, bila kitu."

"Angeniuliza kwa nini. Na watu wako barazani, na mwenye jipu yuko barazani." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Nilidhani ataniita ndani aniulize. Nilingoja aniite. Hakuniita."

"Nisamehe."

Kuku walikuja kwenye maganda, akawafukuza kwa mguu.

"Shule niliitaka, Mwanahamisi. Sitakudanganya. Miaka ya kwanza hapa nilikuwa nikiandika mchangani kwa kijiti, mwisho wa tuta, ili mkono usisahau. Kisha nikazaa, mkono ukasahau." Akavuta pumzi. "Nimekusamehe zamani, na leo nakusamehe tena kwa kuwa umekuja. Ila usitake niseme haikuuma."

"Sitaki."

"Basi soma. Umefika wapi?"

"Mlango wa saba."

"Ulisubiri?"

"Nilisubiri."

Akaupapasa mkono wangu, akaubana. Nikavaa miwani, nikasoma. Nilisoma polepole kama nilivyowasomesha watoto, na yeye alikuwa akitikisa kichwa kila nikimaliza mstari. Mwanakheri amefika mlango wa saba hana viatu, hana wimbo, hana kicheko. Anakaa chini kumngoja mlinzi amwambie anataka nini. Anangoja siku, anangoja miezi. Nywele zake zinagusa ardhi. Hatimaye kivuli cha kaka yake kinamwita kutoka ndani: dada, mbona huingii? Anajibu, sijaulizwa. Kivuli kinasema, mlango huu hauna mlinzi. Sukuma.

Nilinyanyua macho. Zuhura alikuwa amefunika mdomo kwa upande wa kanga, mabega yanatikisika, nikadhani analia. Alikuwa anacheka, kile kicheko cha bombani, na machozi yanamtoka humo humo.

"Miaka yote hiyo," akasema. "Wallahi, Mwanahamisi, miaka yote hiyo, wewe na mimi."

Baba yangu alikufa akiamini kitabu kile ni kitukufu. Namwombea, maana aliheshimu asichokijua, na leo naona watu wanadharau hata wanachokijua. Nasra wangu ana maktaba nzima kwenye kiganja chake na simlaumu, ningeupenda utajiri huo nilipokuwa na umri wake. Zuhura angeupenda zaidi. Lakini naona hadithi zinapita mikononi mwao kama mchanga. Sisi tulikuwa na moja tu, tena ya kuibia, na ilituchukua maisha mazima kuifikisha mwisho, na hakuna neno lake tulilolipoteza.

Niligeuza ukurasa, maana ilibaki sehemu ya kurudi nyumbani na kivuli. Zuhura akainua mkono wake wenye utomvu wa mihogo, akaelekeza sikio upande wa bomba. Ndoo ya kitukuu chake ilikuwa inafurika.

"Hapo hapo," akasema. "Limejaa."